Alikataa Mara Mbili

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, niliwaacha jikoni kwa kina Leif, skauti, yaani msaka vipaji wa klabu ya kulipwa, akivua viatu mlangoni na mimi nikijifanya nasoma gazeti. Kwa aliyechelewa kuanza nami nitaeleza kwa ufupi, maana leo nina mengi ya kusema na yote yananivua nguo.

Mimi ni Reino Vukelich. Nilizaliwa Harju, mji wa machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota, ambako mtoto huvalishwa viatu vya kutelezea kwenye barafu kabla hajajua kufunga kamba za viatu vya kawaida. Nimecheza hoki ya barafuni na Leif Okerlund tangu utotoni. Tulikwenda chuo kimoja, tukacheza mbele pamoja, yeye katikati na mimi kushoto kwake. Mwaka wetu wa tatu timu ilitolewa kwenye mashindano ya taifa, na kwetu siku timu ya chuo inapotolewa ndiyo siku klabu za kulipwa zinapoanza kubisha hodi.

Hapo swali ni moja, na Harju nzima hulijadili kanisani, kwa kinyozi na kwenye vibanda vya kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda. Ubaki chuoni umalize shahada yako, au uende ukalipwe wakati wanakutaka? Ukishaweka saini hurudi nyuma. Hoki ya chuo umeiaga.

Mimi nilishasema nabaki. Nilimwambia kocha Brastad, naye akanipa unahodha wa mwaka unaofuata. Watu wakanisifu kwa msimamo wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nabaki kwa sababu hakuna aliyeniita.

Aliyeitwa ni Leif.

Skauti jina lake Vince Tarantola, mtu wa New Jersey, mwenye koti jembamba lisilofaa kwa baridi yetu. Klabu yake ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, na alikuja kumpa Leif. Mama Leif akamkaribisha kahawa na keki ya karanga. Vince akasema asante, akachukua vipande viwili papo hapo.

Mama Leif akanitupia jicho.

Harju hufanyi hivyo. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, usijisumbue. Ukikaribishwa tena unasema, kwa kweli sitaki kukupa kazi. Ya tatu ndiyo unasema haya, kama ipo tayari. Hata mwenye kufa kwa kiu atapitia njia hiyo hiyo. Anayekubali mara ya kwanza huonekana hakulelewa, na watu huwasikitikia wazazi wake.

"Leif, mimi si mtu wa kuzunguka," Vince akaanza, mdomo umejaa keki. "Tunakutaka. Wiki hii hii unaanza na timu yetu ya pili kule Georgia. Msimu ujao unajaribiwa timu kubwa."

"Nashukuru sana, bwana Tarantola," Leif akasema. "Lakini nimebakiza mwaka mmoja tu. Nadhani ni vizuri nimalize shule."

"Shule itakuwepo. Miguu ndiyo haikungoji."

Leif akamwangalia mama yake. Mama Leif alikuwa anapanguza meza isiyo na uchafu.

"Hapana, kwa kweli," Leif akasema. "Nitamwachaje kocha njiani? Na wapo wengine wanaostahili kuliko mimi."

Mama yake akaacha kupanguza. Alimtazama mwanawe kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, hata siku tulipochukua ubingwa wa jimbo. Amemlea peke yake tangu mumewe afariki, na kijana amelelewa, kila mtu aliyekuwa jikoni pale aliona.

Mimi nilikuwa naangalia masikio ya Leif. Yalikuwa mekundu. Namjua tangu tukiwa hatuna meno ya mbele. Masikio yakimwiva vile, anataka kitu mpaka kinamuuma.

Vince akaweka kikombe chini. "Haya. Nimekuelewa."

Akasimama. Hakuna mtu jikoni aliyesogea. Sote watatu tulikuwa tunangoja ya tatu, na yule bwana anatafuta kiatu chake cha kushoto.

"Utapita tena kabla hujaondoka?" Mama Leif akauliza.

"Ndege yangu ni kesho mchana, mama."

"Basi chukua keki ya njiani. Reino, msindikize mgeni."

Nikamsindikiza. Natamani angekwenda mwenyewe.

Nje Vince akaanza kukwangua barafu kwenye kioo cha gari la kukodi, kwa kadi ya benki, maskini, hajui hata kuna kikwanguo. Nikakichukua chini ya kiti nikamsaidia.

"Kijana, niambie ukweli," akasema. "Rafiki yako hataki kweli, au ananizungusha?"

Wasomaji wangu, jibu lilikuwa fupi. Muulize tena. Mtoto yeyote wa Harju angemjibu hivyo mgeni bila hata kuacha kukwangua. Muulize tena, bwana, huku kwetu unauliza mara tatu. Angecheka, angerudi ndani, na Leif angesema haya.

"Leif akisema hapana ni hapana," nikasema. "Hajawahi kubadili neno tangu nimjue."

"Una hakika?"

"Nimekua naye."

Akashusha pumzi, mvuke ukamtoka kama birika. "Kazi hii bwana. Na wewe je? Nasikia wewe ndiye nahodha mpya. Wewe ndiye unayebaki."

"Mimi nipo tayari."

"Hata hujauliza ni mkataba wa muda gani."

"Nipo tayari, bwana Tarantola."

Mara ya kwanza. Sikuzungusha hata kidogo. Marehemu bibi yangu angejifunika uso kwa aproni.

Najua mnataka kuuliza kwa nini. Nimejiuliza sana na kila nikijiuliza najibu vibaya. Nilimwonea wivu, hilo ni moja. La pili linanitia haya zaidi. Niliogopa kubaki chuoni bila yeye. Mabao yangu yote yalitoka kwenye fimbo yake. Yeye angeondoka, na kabla ya Krismasi kila mtu angegundua kwamba nahodha wao si kitu.

Mchana ule nilimkuta Leif uani anazoa theluji. Alikuwa anapiga mluzi.

"Atarudi kesho asubuhi, si ndiyo?" akasema.

"Nani?"

"Papa wa Roma. Nani mwingine, Vuki? Vince." Kwenye hoki kila mtu ana jina la utani, langu lilikuwa hilo. "Mtu hasafiri njia yote ile akauliza mara mbili tu akaondoka. Safari hii akiuliza nasema haya. Mama naye nimeshamwona, hatakasirika."

"Labda watu wa New Jersey hawana mambo hayo."

"Kila mtu ana mambo hayo. Si ni utu tu."

Akanirushia koleo nimsaidie. Nikazoa theluji ya rafiki yangu hadi mlangoni, ili njia iwe safi kwa mgeni niliyejua hatakuja.

Kesho yake nilisaini mkataba hotelini, kwenye meza yenye makombo ya mikate ya watu. Halafu nikaenda kwa kocha Brastad.

Kocha alikuwa anatengeneza ndoano zake za samaki ofisini. Hakuinua kichwa.

"Ulikula kwangu Jumapili," akasema. "Ulimshika mke wangu mkono ukasema unabaki. Akaoka."

"Kocha, mambo yamebadilika."

"Mambo, au wewe?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Sikulaumu kwa kwenda," akasema. "Wengine inafaa waende. Nimeshawahi kumfukuza kijana kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia shule yako ipo pale pale, nenda kabla hawajakusahau. Lakini yule alikuja amesimama wima. Wewe umekuja hapa unatazama viatu. Kawaambie wenzako mwenyewe, mimi si tarishi wako."

Niliwaambia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Golikipa wetu, mtu wa maneno, ndiye aliyetangulia.

"Nahodha wetu ametawala muda wa kuchemsha yai," akasema.

"Tena la kuiva nusu," akaongeza mwingine.

Wengine hawakucheka. Walikuwa wananitazama kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye sahani ya sadaka. Nikamtafuta Leif. Alikuwa kwenye kona yake, ameinamisha kichwa. Nilidhani analia, au anatafuta kitu cha kunirushia.

Akachukua fimbo yake akaanza kuigonga sakafuni, taratibu. Kwetu ndivyo tunavyompigia mtu makofi. Akagonga peke yake kwa muda, kisha mmoja akamfuata, na mwingine, mpaka chumba kizima kikawa kinagonga kwa heshima yangu.

Nimepigwa usoni mara nyingi maishani. Hakuna kipigo kilichoniuma kama kile.

Ni yeye pia aliyenipeleka uwanja wa ndege. Nilimkatalia mara mbili, akasema acha upuuzi, nikapanda. Njia nzima msonobari na theluji, theluji na msonobari. Tulipokaribia kufika akaniuliza, macho yakiwa barabarani.

"Vuki. Pale nje, na Vince. Alisema chochote kuhusu mimi?"

"Hapana," nikasema. "Hakusema kitu. Alikuwa na haraka."

"Sawa."

Akawasha redio. Tukasikiliza bei za mbao mpaka tukafika.

Georgia nilijifunza kitu ambacho chuoni hawafundishi. Chuoni unacheza na vijana wenzako, mkimaliza mnakwenda kula. Kule unacheza na watu wazima wenye wake na kodi ya nyumba. Beki mmoja mzee, meno yake ya mbele yote ya bandia, alinibandika jina siku ya kwanza.

"Profesa," akaniita. "Kitabu chako kiko wapi?"

"Sikumaliza."

"Hukumaliza shule, halafu ukaja huku?" Akawageukia wenzake. "Huyu kakimbia chakula cha bure na wasichana, kaja kulala nasi kwenye basi. Profesa wa nini sasa?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa unafiki.

Barafuni hawakucheka. Kila nilipogusa kile kisahani cheusi tunachokipigania, kulikuwa na mtu juu ya mgongo wangu ambaye nafasi yangu ndiyo maziwa ya mwanawe. Nilikuwa nakimbilia mahali pangu pa siku zote, upande wa kushoto, nangoja kisahani kije. Hakikuja. Leif hakuwepo wa kukileta.

Msimu mpya ulipoanza nikawa sipangwi, naangalia mechi nikiwa jukwaani nimevaa suti, kama jamaa wa harusi aliyekosa kadi. Kisha nikateremshwa timu ya chini zaidi, ambako taulo unakwenda nalo mwenyewe.

Vince alipita kutuona siku moja. Alinikuta nafungasha.

"Nikwambie kitu bila kukuumiza?" akasema.

"Sema tu."

"Nilipokuona chuoni nilidhani una kipaji cha kuwa mahali pazuri wakati mzuri. Nimekosea. Kulikuwa na mtu anayekuweka pale."

Akanipiga bega akaondoka. Alikuwa mtu mwema, ndiyo maana ilinichoma.

Huku nyuma Leif alikuwa anawaka. Walimpa unahodha nilioutupa. Alifunga, alilisha wengine, timu ikaongoza. Vince mwenyewe alinipigia simu akasema safari hii klabu haitazunguka, watamsaini mwisho wa msimu, shahada yake ikiwa karibu mkononi. Siku ile nililala usingizi wa mtoto. Nilijiambia, unaona, Reino, hukumwibia mtu kitu. Umemcheleweshea tu, na atapata na shahada juu.

Niliishi na raha hiyo mpaka Februari.

Nilikuwa kwenye basi, nimeegemea dirisha, natazama mechi yao kwenye simu. Leif alikifuata kisahani kwenye kona. Beki akamjia kwa nyuma, wakaingia wote ukutani, na goti la Leif likaenda upande ambao goti haliendi. Hakupiga kelele. Alipiga barafu kwa kiganja, mara moja, kama mtu anayeomba mlango ufunguliwe.

Madaktari walimpasua. Walisema atatembea vizuri. Kuhusu hoki walisema tusubiri, na anayesubiri hasainiwi na klabu. Vince hakupiga simu tena.

Angekuwa na mkataba, klabu ingemtibu na kumngoja. Hiyo ndiyo faida ya kuwa mali ya mtu, wanakutengeneza. Angekuwa amecheza mwaka mzima kule juu. Pengine asingekuwa kwenye kona ile siku ile. Nilipiga hesabu hizo kila usiku, na kila mara jibu lilikuwa mimi, nikiwa nimesimama kando ya gari na kikwanguo mkononi.

Machi klabu ikaniacha. Nikarudi Harju bila timu na bila shule.

Mji ulikuwa umegawanyika kwa ajili yetu. Kwa kinyozi nilimkuta mzee mmoja akisema kwamba kijana wa Okerlund angeondoka alipoitwa, angekuwa na maisha. Mwingine akasema, afadhali yeye anamaliza shahada ya ualimu, na huyu Reino ana nini? Wakaniona mlangoni. Wakahamia kuzungumza juu ya baridi.

Ndipo Mama Leif aliponipigia simu. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya hoki ya watoto, na kila mwisho wa msimu kamati hula chakula pamoja.

"Wazazi wanataka kuwasikia nyote wawili," akasema. "Aliyebaki na aliyekwenda. Mtoto wa kina Sorvari ameitwa na klabu. Wiki hii anatakiwa ajibu, na baba yake halali."

"Mama, mimi si msemaji."

"Dakika chache tu, mwanangu."

"Leif peke yake anatosha."

"Nakuomba, Reino. Wewe ni kama wangu."

Nikakubali. Ningekataaje neno kama hilo?

Ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri ulijaa. Tambi na nyama, mabakuli ya viazi vilivyookwa na jibini, watoto chini ya meza. Leif alikuja na magongo, akatangulia kusema. Akasimama mbele na mguu wake uliofungwa chuma.

"Nilibaki kwa hiari yangu," akawaambia. "Niliulizwa, nikakataa. Nimesoma, nimepata marafiki, nimekuwa nahodha. Goti ni bahati mbaya, lingeweza kuvunjika popote. Sijutii."

Watu wakapiga makofi. Mama yake alisimama kando ya meza ya vyakula, anajifuta macho kwa kitambaa cha jikoni.

Mimi sikuweza kupiga. Alipokuwa anarudi nikamshika mkono, nikamvuta jikoni, kwenye masufuria, nikafunga mlango.

"Una nini?" akauliza. "Umekuwa mweupe."

"Leif, siku ile Vince aliniuliza. Pale nje."

"Najua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila neno hilo.

"Unajua nini?"

"Alinipigia jioni ile, kutoka hotelini. Alisema hajazoea kuondoka mahali bila kuuliza mara ya mwisho."

"Akakuuliza? Mara ya tatu?"

"Akaniuliza." Leif aliegemeza magongo kwenye jiko. "Nilishavuta pumzi ya kusema haya, Vuki. Lilikuwa hapa mdomoni. Halafu akasema, lakini rafiki yako ameniambia hubadili neno, na yeye mwenyewe ameshakubali kuja. Ni kweli?"

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nikisema nataka, wewe unakuwa mwongo mbele ya mtu anayetaka kukupa kazi. Asingekuchukua. Huenda asingemchukua yeyote kati yetu." Akainua mabega. "Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia Reino ananijua kuliko mtu yeyote."

Nilikaa juu ya gunia la viazi.

"Na ukagonga fimbo," nikasema.

"Nikagonga fimbo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza kwenye gari. Si nilikuuliza? Nilisema moyoni, huyu nitampa nafasi aseme mwenyewe, halafu nimtukane kidogo, halafu yaishe. Ukasema Vince alikuwa na haraka." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Nikakungoja majira ya joto. Nikakungoja Krismasi. Nilipokuwa hospitali kila simu ikilia nilidhani ni wewe."

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nilimwambia nisamehe. Akafunika sufuria iliyokuwa wazi.

"Nakwenda kusema," nikamwambia. "Sasa hivi, mbele ya wote. Nitawaambia nilichofanya."

"Huendi kusema chochote."

"Leif, wacha nijisafishe."

"Ujisafishe kwa maji ya nani?" Kwa mara ya kwanza masikio yake yaliiva. "Ulimwona mama siku ile nilipokataa mara ya pili? Ulimwona uso? Ni yeye aliyenifundisha. Usidandie, usionekane na njaa, ngoja uombwe. Akijua kwamba hapo hapo ndipo ulipopata upenyo, atasema ni yeye aliyenivunja goti. Namjua. Hatalala tena. Sasa hivi anaamini nilibaki kwa sababu ni mtoto mwema, na hilo ndilo linalomtoa kitandani asubuhi. Mwachie."

"Na mimi nikaseme nini kule?"

Akachukua magongo yake.

"Sema uongo," akasema. "Si umeuzoea?"

Mlango ukafunguliwa. Mama Leif akachungulia, amechangamka, birika la kahawa mkononi. "Kumbe mmejificha hapa. Reino, zamu yako, mwanangu. Wanakungoja."

Nikatoka. Ukumbi ulinigeukia wote. Mstari wa mbele alikaa mzee Sorvari, mtu wa machimboni, mikono mikubwa magotini, na mwanawe pembeni yake ametulia tuli. Hakungoja nianze.

"Mimi nina swali moja tu," akasema. "Samahani kama si la adabu. Huyu wangu wanamtaka. Mama yake anasema abaki, mimi sijui. Wewe ulijuaje kwamba wakati wako umefika?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuja nalo kutoka nyumbani, safi, lenye kocha ndani yake na bidii na kumshukuru Mungu. Nikafungua mdomo nilitoe. Yule kijana wa Sorvari alikuwa ananitazama kwa imani, kama Leif alivyokuwa ananitazama, nikashindwa kumpa takataka ile.

"Haukuwa umefika," nikasema. "Nilichukua wakati wa mtu mwingine."

Uma ziliacha kugonga sahani.

Nililitegemea hilo. Ninawajua watu wangu. Harju hakuna anayemuuliza mtu swali la moja kwa moja akiwa amesimama mbele ya wenzake ameaibika. Wangenyamaza, wangeangalia tambi zao, mtu angekohoa, mtu angetaja kwamba mwaka huu ziwa limechelewa kuyeyuka, nami ningeteremka na nusu ya ukweli wangu. Nilitaka ile nusu tu. Hata katika kuungama nilikuwa natafuta pa kujificha.

Mzee Sorvari aliinamisha kichwa. Mtu akakohoa.

Mama Leif ndiye aliyeweka birika mezani. Mwanamke ambaye hajawahi kumuuliza jirani kama ni mzima bila kuanzia kwenye mvua, alinitazama usoni, sauti yake ikafika hadi nyuma ya ukumbi.

"Wakati wa nani, Reino?"

Nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, Leif alikuwa ananitikisia kichwa kwamba hapana, nisiseme.